Tanuri Linalochagua Taka

Plastiki ni minyororo mirefu, hasa ya kaboni na hidrojeni, iliyotokana kwa kawaida na mafuta ghafi au gesi. Urejelezaji tuliouzoea huisaga na kuiyeyusha bila kuigusa minyororo hiyo, na kila ikipita mashineni plastiki hupoteza nguvu kidogo huku ikibeba rangi na uchafu wake. Urejelezaji wa kikemikali huikata minyororo yenyewe. Njia inayotajwa zaidi ni pirolisisi: taka hupashwa joto la nyuzi kama 500 za Selsiasi katika chombo kisicho na oksijeni, zikageuka mvuke badala ya kuwaka, na mvuke ukipoa hupatikana mafuta ya kutengenezea plastiki mpya. Kikemia jambo hili linawezekana, wala silibishi. Ninachobisha ni ahadi ambayo teknolojia hii imeuzwa nayo, kwamba itapokea plastiki chafu iliyochanganyika ambayo mashine za kawaida huikataa. Tanuri hili linachagua kuliko mashine hizo.

Kipande cha bomba la PVC kikiingia humo, klorini yake hugeuka asidi inayokula vyuma vya mtambo. Chupa za maji za PET zina oksijeni ndani ya minyororo yake, nayo huzaa asidi zinazogandamana na kuziba mabomba. Pakiti ya bisi ina tabaka za plastiki tofauti, alumini na wino. Kwa hiyo kabla ya moto lazima taka zichambuliwe na kusafishwa, na kinachobaki ni polithini na polipropilini safi, zilezile ambazo mrejelezaji wa kawaida angezinunua kwa furaha. Hata hizo haziishii zote kuwa mafuta: sehemu huwa gesi inayochomwa papo hapo kulipasha tanuri, sehemu huwa masizi mazito. Mafuta yanayobaki husafishwa tena, kisha huchanganywa na nafta nyingi ya mafuta ghafi, kwa kuwa mitambo ya petrokemikali haiyavumilii yakiwa peke yake. Mitambo hiyo nayo huendeshwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 800. Ndipo kampuni hufanya hesabu za uwiano wa uzito, ambapo kiasi kidogo cha taka kilichoingia huhesabiwa chote kwenye bidhaa chache zilizochaguliwa. Ni kama kutia kibaba cha mchele wa Kyela katika gunia la mchele mwingine, kisha kujaza mifuko miwili mitatu na kuiandika mchele wa Kyela.

Haishangazi kwamba watafiti wa maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani walikuta mwaka 2023 kuwa pirolisisi na njia ya kugeuza plastiki kuwa gesi zina gharama na madhara ya kimazingira yanayozidi yale ya kutengeneza plastiki mpya kwa mara 10 hadi 100. Huko Ashley, Indiana, kiwanda cha Brightmark kilichokusudiwa kuchakata tani 100,000 kwa mwaka hakikuwahi kukaribia kiwango hicho, na Machi 2025 kampuni iliyokuwa ikikiendesha iliomba kinga ya mufilisi. Mwaka 2024 Shell ilitangaza kuwa lengo lake la kutumia tani milioni moja za taka za plastiki kwa mwaka ifikapo 2025 halitekelezeki. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa California, Rob Bonta, aliishtaki ExxonMobil, akidai kwamba asilimia 92 ya taka zinazopitia mchakato wake hazirudi kuwa plastiki bali huwa hasa nishati ya kuchomwa. Kampuni inayakana madai hayo.

Watetezi husema teknolojia bado changa, ipewe muda. Lakini BASF ilikuwa na mtambo wa majaribio Ludwigshafen, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990, ukaachwa kwa kukosa taka za kutosha kwa bei inayofaa. Kizuizi cha leo ni kilekile. Wengine hutaja kiwanda cha Eastman kule Kingsport, Tennessee, kinachorudisha PET kwenye viambato vyake vya asili. Hiyo ni hoja ya haki, maana PET hukatika mahali panapojulikana. Ila kiwanda hicho hufanikiwa kwa sababu kinalishwa aina moja iliyokwisha kuchambuliwa. Na anayeuliza kama si afadhali taka ziwe mafuta kuliko kutupwa jalalani akumbuke kwamba mafuta yale yakichomwa kwenye injini, kaboni yote hupanda angani.

Suala hili linatuhusu kwa karibu. Machi 2022, jijini Nairobi, mataifa yalikubaliana kujadili mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, na mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalivunjika bila maafikiano. Mgogoro mkubwa ulikuwa kama uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo, na wasiotaka kikomo huegemea ahadi za urejelezaji. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Mfuko usiotengenezwa hauhitaji kuchambuliwa, kuoshwa wala kupashwa joto la nyuzi 500.