Magonjwa ya Samaki wa Kufugwa (Sehemu ya Pili): Perege Wanaokufa Alfajiri

Mfugaji wa Lisekese, hapa Masasi, akikuta perege wake wanaelea matumbo juu, hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hurudi na dawa ya kuku, akaimwaga bwawani. Pesa imepotea, na bakteria waliobaki wameanza kuizoea dawa hiyo. Kabla ya kununua chochote, tuulize samaki walikufa saa ngapi.

Mchana mimea ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku huacha, ilhali mimea hiyohiyo, samaki na mabaki ya chakula yanayooza huendelea kuitumia. Ndiyo maana hewa ya bwawa huwa haba zaidi kabla jua halijachomoza. Samaki wanaopanda juu saa kumi na moja alfajiri wakihema, kisha wakachangamka jua likipanda, wamekosa hewa. Kwetu tatizo hili ni kubwa. Juu kule Newala maji hunywea mchangani, na huku Masasi mabwawa mengi hutegemea mvua na visima. Kiangazi kikikolea maji hupungua, samaki wamekua na kuzaana. Samaki aliyebanwa hivyo hudhoofika kinga, na vimelea alioishi nao siku zote humshinda. Punguza samaki, punguza chakula, ongeza maji safi.

Kiangazi hichohicho ndio msimu wa kupulizia mikorosho. Viuatilifu vya maji vya kuulia mbu wa mikorosho, hasa vya jamii ya pairethroidi, huua samaki hata vikiwa kidogo sana. Pampu ikisuuzwa kandokando ya bwawa, inatosha. Wakifa wote kwa mpigo, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wadudu wa majini, shuku sumu.

Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida huanza kwa wachache. Bakteria aina ya streptokoka hufanya macho yatokeze na samaki azunguke kama aliyelewa. Upo pia ugonjwa wa vidonda vinavyochimba hadi nyama, unaoletwa na kiumbe kinachofanana na kuvu: ulizuka bonde la Zambezi mwishoni mwa 2006, na mwaka 2020 ukathibitishwa Malawi. Vidonda vya Zambezi havihitaji mto kufika Ruvuma; mfuko wa vifaranga ndani ya basi unatosha.

Tena macho hayatoshi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa wamekuta chembe za urithi za virusi vinavyoua perege katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, ambao hawakuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo vifaranga wapya, hata wakipendeza namna gani, wakae peke yao wiki mbili au tatu, na wawe na ndoo na wavu wao. Baada ya mavuno, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, kisha nyunyiza chokaa.

Ukihitaji uchunguzi, usipeleke mzoga uliooza, kwa maana bakteria wa uozo hufunika walioua. Muone ofisa uvuvi, apige simu maabara ya veterinari Mtwara au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kabla hujafunga safari. Chukua samaki anayekata roho, mtie kwenye mfuko safi, uzungushie barafu bila kumgandisha. Andika saa aliyokufa, rangi ya maji, wamekufa wangapi na vifaranga walitoka wapi.