Bahari Ilipoinuka, Chai Yetu Ikaharibika

Mimi sijawahi kutia mguu baharini. Kutoka hapa Sosiot hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, hata kwa mwendo wa ndege, na safari yangu ndefu kabisa iliishia Nakuru. Lakini kwetu nyumbani tunaidai bahari deni. Mwishoni mwa mwaka wa 1997 mvua ilinyesha kutwa kucha, barabara ikawa uji, na lori la majani chai likakosa kufika kituoni siku 4 mfululizo. Kogo, yaani nyanya yangu, aliyamwaga mtaroni majani yote aliyochuma, yakiwa yamekwisha kuwa mekundu kwa joto la gunia. Hadi leo ukimwuliza atakujibu, "Hiyo ilikuwa El Nino, mjukuu wangu. Usiitaje hapa."

Sasa, El Nino hutokea Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Iliijuaje njia ya Sosiot? Nilipomwuliza mwalimu wa Jiografia, aliniambia nisome habari za setilaiti iliyoitwa TOPEX/Poseidon.

Wamarekani na Wafaransa waliirusha tarehe 10 Agosti 1992, ikawa inaizunguka dunia kutoka kilomita 1,336 juu. Kazi yake ilikuwa kupima kimo cha bahari. Ukipiga ukelele ng'ambo ya bonde, mwangwi hukurudia, sivyo? Basi setilaiti nayo hutuma mpigo wa rada, ukagonga maji na kurudi kwa muda wa sehemu 9 hivi kati ya 1,000 za sekunde. Huo muda ndio hutoa umbali. Na kwa kuwa vituo vya ardhini hufuatilia setilaiti ilipo, kinachobaki ni hesabu ya kutoa tu, na kosa lake ni la sentimita chache! Utauliza, na mawimbi je? Mpigo mmoja hufunika kilomita kadhaa za maji, kwa hiyo kinachopatikana ni wastani. Kupwa na kujaa hukokotolewa na kuondolewa. Hata mvuke wa hewani, ambao huichelewesha rada, nao hupimwa.

Kumbe bahari si tambarare kama meza! Ina vilima na mabonde kama huku kwetu. Maji ya moto hutanuka yakasimama juu, na upepo pia huyasukuma yakajaa upande mmoja. Ajabu ni kwamba maji hayo hayateremki moja kwa moja. Mzunguko wa dunia huyapinda, yakawa yanakizunguka kilima. Ndiyo maana mtaalamu akiisoma miinuko ya bahari hujua mkondo unakwenda wapi na kwa kasi gani. Mkondo wa Somalia, ambao hukimbilia kaskazini wakati wa kusi na kugeuka wakati wa kaskazi, huonekana hivyo hivyo.

Haya, turudi 1997. Setilaiti iliona Bahari ya Hindi ikishuka upande wa Sumatra, ambako maji yalipoa, na kupanda upande wetu wa Afrika, ambako yalipata joto. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na mvuke ndio mvua. Setilaiti hiyo hiyo ililipima Ziwa Victoria, likawa limepanda kama mita 1.7. Mwaka wa 1999 wanasayansi waliokuwa Japani waliandika katika jarida la Nature kwamba Bahari ya Hindi ina mtikisiko wake yenyewe. El Nino ilichangia, sikatai, ila ilibebeshwa mzigo wote peke yake. Ushahidi ulikuja mwishoni mwa 2019: Pasifiki ilikuwa imetulia, Bahari ya Hindi ikainama vile vile, na mafuriko tukayaona.

Setilaiti ile ilikwisha kazi, lakini zimeifuata nyingine, mathalan Jason-3 ya 2016 na Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020.

Jioni moja nilimweleza Kogo haya yote akimenya viazi. Akauliza, "Na hiyo mashine yenu itamwambia mwenye lori?"

Nikamjibu kwamba siku hizi Idara ya Hali ya Hewa huitazama Bahari ya Hindi kabla ya kutabiri mvua za Oktoba hadi Desemba.

"Basi wakisema bahari imeinuka, nijulishe mapema," akasema. "Nitawaita majirani tuizibue ile mitaro ya barabara."