Siku mbili katika njia za Usambara

Mke wangu hakupaza sauti. Alisema tu, huku amempakata mtoto wetu wa mwisho, "Baba Watoto, tugeuze."

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, nasi tumesimama chini ya mwinuko wa udongo mwekundu katika milima ya Usambara. Mvua ya muda mfupi ilikuwa imekwisha kupita na kuiacha njia iking'aa kama sinia lililopakwa mafuta. Nilikuwa na sababu zangu za kutogeuza, na mbili nilizitaja: kwamba uwanja tulioelekezwa kupiga hema ulikuwa juu ya mwinuko ule, na kwamba gari tulilokuwa nalo liliundwa kwa ajili ya njia za namna hiyo. Sababu ya tatu sikuitaja. Kijana wangu wa miaka 12 alikuwa ameketi kiti cha mbele, ananitazama mimi, haitazami njia.

Safari hiyo tuliipanga kwa ajili ya likizo ya mwezi wa Juni. Watoto wetu wamezaliwa na kukulia Tanga mjini. Mlima wanauona kwa mbali, na giza la kweli, lile lisilo na taa ya barabarani wala ya jirani, hawajapata kuliona. Tulikusudia kulala usiku mmoja hemani, kupita njia za vijijini badala ya barabara kuu, na kurejea Jumapili jioni. Gari lilikuwa la shemeji yangu, kuukuu lakini imara, lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Alinikabidhi ufunguo pamoja na masharti mawili: nilirudishe likiwa limejaa mafuta, na nisiingie katika njia ambayo sijaiulizia kwa wenyeji. Sharti la kwanza nililitimiza.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tukapita Muheza na Korogwe hadi Mombo. Hapo msafiri huiacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda kilomita 33 za kona na magenge hadi Lushoto, akipitia Soni. Ni safari fupi inayobadilisha kila kitu. Mombo ni joto na vumbi la tambarare. Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hukupokea kwa ubaridi na harufu ya mikaratusi. Wajerumani waliupenda ubaridi huo hata wakaufanya mji ule kimbilio lao na kuuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Tulisali Adhuhuri na Alasiri hapo, kwa kupunguza na kukusanya kama msafiri alivyoruhusiwa, tukala wali wa nazi aliotufungia bibi yao, kisha tukashika njia ya Magamba na Lukozi.

Anayekwenda huko aone kwanza msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kilele chake kinazidi mita 2,000. Anayetaka kulala ndani ya hifadhi hana budi kulipia na kupata kibali. Sisi tulitaka kulala kijijini, kwa hiyo tulifanya inavyopasa huko: tulimtafuta mwenyekiti wa kitongoji, tukajitambulisha, tukaeleza nia yetu. Alituelekeza kwenye uwanja wa wazi juu ya mlima, akaongeza kwamba njia ni nzuri "ikiwa kavu". Neno hilo la mwisho nililisikia. Sikulizingatia.

Niseme kidogo kuhusu udereva wa njia hizi, maana nimeulizwa na wengi tangu turudi. Gari la magurudumu manne halimfanyi dereva kuwa hodari; humfikisha mbali zaidi kabla hajakwama. Gia ya magurudumu yote huingizwa kabla ya tope, si baada ya kukwama. Mteremko mkali huteremkwa kwa gia nzito, injini ikilizuia gari, kwa kuwa anayekanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi huyageuza magurudumu yake kuwa skii. Upepo wa tairi hupunguzwa kiasi ili tairi litandae na kushika ardhi, nao hurejeshwa kabla ya kurudi kwenye lami, hivyo pampu iwemo garini. Beleshi, jeki na ubao wa kuiwekea jeki isizame, kamba nene ya kuvutia, tairi la akiba: hivyo vyote tulikuwa navyo. Kanuni iliyo juu ya hizo zote ni kwamba dereva hushuka, akautembea mwinuko kwa miguu hadi juu, ndipo akaamua. Ikiwa viatu vyake vinateleza, na gari litateleza.

Mimi sikushuka.

Niliwaomba mke wangu na wadogo wawili wapande kwa miguu pembeni. Hilo angalau nililifanya sawasawa. Kijana alibaki nami. Tulipanda theluthi mbili ya mwinuko kwa kishindo, na nikaanza kutabasamu. Kisha gurudumu la nyuma likakosa mshiko. Hapo ndipo ilinipasa kuondoa mguu na kuliacha gari lirudi nyuma taratibu. Badala yake nilikanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka papo hapo, tope likaruka hadi kwenye vioo, na gari likaanza kuteleza kwa ubavu, polepole sana, kama mtu anayesukumwa kwa kidole. Liliposimama, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa ndani ya mfereji wa kando ya njia, na kingo za mawe za mfereji ule zilikuwa zimebomoka kwa urefu wa hatua nne au tano.

Watu walikuja kabla hatujaita. Walikuwa wanatoka mashambani, majembe mabegani, wanaume na wanawake. Mbele yao alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza hali ya watoto kwanza. Alipoarifiwa kwamba hakuna aliyeumia, ndipo alipogeuka kuutazama mfereji. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

"Mwanangu," alisema, "gari la kabichi hupita hapa alfajiri. Halina njia nyingine."

Nilitazama chini ya mlima alikonionyesha. Kando ya njia, chini ya turubai, kulikuwa na rundo la kabichi zilizokwisha kukatwa, na magunia ya karoti zilizooshwa. Karoti iliyooshwa haingoji. Njia ile ambayo kwangu ilikuwa mchezo wa mwisho wa wiki, kwao ndiyo soko, ndiyo shule, na ndiyo zahanati kwa mama mwenye uchungu usiku. Nami nilikuwa nimelilaza gari la watu katikati yake.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Tulipunguza upepo wa tairi zote. Tuliinua upande wa nyuma kwa jeki iliyokaa juu ya ubao, tukajaza mawe na matawi ya mkaratusi chini ya gurudumu, tukafunga kamba upande wa mlima ili gari lisizidi kuteleza bondeni. Kisha watu kumi na mmoja wakasukuma, nami nikalirudisha chini kwa gia nzito ya kinyumenyume bila kugusa mafuta. Kijana wangu alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Tope lilimfika masikioni.

Jua lilikuwa linazama. Mzee na wenzake wawili walitawadha kwa maji ya dumu letu, tukasali Magharibi pamoja juu ya mkeka. Kutoka upande huu wa nchi kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kikiegemea mashariki kidogo tu, kwa hiyo tuliielekea nyanda ya Mkomazi, isiyoonekana nyuma ya milima. Baada ya sala nilimvuta mzee pembeni, nikatoa fedha. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti; mambo yangu mengi humalizika kwa stakabadhi.

"Fedha zako weka," alisema bila ukali wowote. "Mawe yapo kule mtoni. Asubuhi."

Tulipiga hema hapo hapo chini, kwenye kiwanja cha mzee, mbali na mkondo wa maji. Usiku wa Juni katika milima ile si wa mzaha; joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na watoto wa pwani hawaijui baridi hiyo. Binti yetu alitetemeka hata meno yakagongana. Jiko la mkaa lilikuwa nje, limebaki na makaa mekundu, nami nikainuka kulileta ndani. Mke wangu alilizuia mlangoni kwa mguu wake.

Alikuwa sahihi mara ya pili siku hiyo, na safari hii nilimsikiliza. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mahali palipofungwa humlewesha mtu aliyelala, naye asiamke tena. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi, na jiko linaloonekana limekufa bado lina uwezo huo. Basi tuliwalaza watoto katikati yetu, soksi jozi mbili mbili, mablanketi yote matatu juu, na chini tukatandika nyasi kavu alizotupa mke wa mzee, kwani baridi kubwa ya hemani hutoka ardhini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kanga ilimaliza kazi.

Giza lile nililowaahidi lilikuja. Nyota zilikuwa nyingi hata binti akasema zimemwagika. Wadogo walipolala, kijana aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kwa nini hukumsikiliza mama?"

Nilikuwa na jibu la utelezi na jibu la saa za jioni. Nikaona yote mawili ni uongo. Nikamwambia, "Nilitaka unione nikipita."

Hakusema kitu. Baada ya muda alijisogeza kwangu, sijui ni kwa sababu ya jibu au ya baridi.

Gari la kabichi lilipita kabla ya adhana ya Alfajiri, likinguruma kwa gia ya kwanza juu ya matawi tuliyoyatandaza. Dereva wake alikuwa amefunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, naye alishuka kwanza, akautembea mwinuko wote na tochi mkononi. Nilimwona kupitia mlango wa hema.

Asubuhi tulikwenda mtoni. Mzee alinieleza, huku tukichagua mawe, kwamba mfereji ule ulijengwa kwa msaragambo, kila kaya ikileta sehemu yake. Maji ya mvua yakiwa na mfereji, hushuka na kuiacha njia. Mfereji ukivunjika, au magurudumu yakichimba mistari miwili katikati ya njia, maji huifuata mistari hiyo, na masika yakipita mstari umekuwa korongo. Watu wa Usambara hawahitaji kufundishwa habari za udongo. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Watu waliupinga kwa kuwa ulikuja na amri na adhabu, na hatimaye ulivunjika. Hata hivyo udongo kuporomoka katika miteremko ile halikuwa jambo la kubuni, na mfereji wa mawe uliojengwa na kaya zenyewe, bila bwana shamba wa kuwasimamia, ni jawabu lao wenyewe.

Nasi tunafundishwa tangu madrasa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Nimelisema hilo mara nyingi mbele ya watu, nikidhani udhia ni mwiba au jiwe. Asubuhi ile udhia nilikuwa mimi, na jiwe ndilo lililokuwa linarudishwa.

Ilituchukua hadi karibu na Adhuhuri. Kijana alibeba mawe kwa ndoo, binti akayapanga madogo katika nafasi za makubwa, na mzee akayafumua yale niliyoyapanga mimi akayapanga upya. Mke wangu alikuwa jikoni na mke wa mzee wakipika ugali na maharage; kutoka huko zilisikika sauti za kicheko, na sikuuliza kilichochekesha ni nini. Tulipomaliza, nilisawazisha kwa beleshi mistari yote ya magurudumu, kisha tukaupanda ule mwinuko, sote watano, kwa miguu. Uwanja wa juu ulikuwa mzuri kama tulivyoambiwa. Tulikaa hapo robo saa, tukala machungwa, tukaokota maganda, tukashuka.

Jumapili usiku nilimrudishia shemeji gari lake, limeoshwa, tangi limejaa. Alilizunguka mara moja, akainama, akapitisha kidole chini ya tairi la nyuma la kushoto, akakitazama kile kidole chekundu.

"Uliulizia njia?" akauliza.

"Niliulizia," kijana wangu alijibu kabla yangu, "baadaye."