Timu Moja Imechana Mkeka

Jumamosi usiku, banda umiza. Mpira umekwisha, watu wanatoka, lakini kijana mmoja bado ameinamia simu. Mkeka wake wa kubeti ulikuwa na mechi kumi. Tisa zimetiki. Ya kumi nayo ilikuwa inakwenda vizuri mpaka dakika za nyongeza, wageni wakasawazisha kwa kona. Anamwonyesha jirani, kisha muuza kahawa: "Ona, timu moja tu!" Ameliwa, lakini anasimulia kama aliyebakiza hatua moja afike. Kabla hajalala atakuwa ameshasuka mwingine.

Mwaka 2009 Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha kamari ya picha zinazozunguka, jamaa wa dubwi letu la mtaani. Picha iliposimama hatua moja tu kutoka mstari wa ushindi, wachezaji walisema inaudhi kuliko kukosa kwa mbali. Hata hivyo hamu ya kurudia ilipanda, hasa pale mchezaji alipokuwa amejichagulia picha mwenyewe. Na ubongoni ziliamka baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu anapokula fedha kweli.

Ubongo una sababu. Mshambuliaji anayegonga mwamba amejifunza kitu: apunguze nguvu, kesho afunge. Katika ustadi, kukosa kidogo ni habari njema. Mashine haina mwamba wa kujifunzia, kwani kila mzunguko unaanza upya. Ubongo wetu hautofautishi hayo mawili kwa urahisi, na watengenezaji wa mashine wamelitumia jambo hilo kwa miaka mingi.

Turudi kwenye mkeka. Chukua kalamu. Tuseme kila timu uliyoweka ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda, yaani umechagua vigogo watupu. Zidisha 0.7 mara kumi. Utapata kama 0.028: katika mikeka 100, inayokubali haifiki hata mitatu. Sasa piga hesabu ya mikeka inayochanwa na timu moja peke yake. Ni kama 12. Yaani utaikosa kwa timu moja zaidi ya mara nne kwa kila mara utakayoshinda, na hakuna aliyekuroga. Ni kuzidisha tu.

Dopamini, kemikali ya ubongo, nayo imo. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa zinazoiga kemikali hiyo wamejikuta wakicheza kamari bila kujizuia, watu ambao zamani hawakuijua hata karata. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi wao waliacha. Kisa hicho hunifanya nisite ninaposikia mraibu wa kamari akiitwa mjinga au mvivu.

Michezo ya video imeazima ufundi huohuo wa kamari. Mtoto hulipia kisanduku asichojua kina nini: leo silaha ya kawaida, kesho labda ile adimu. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya kulipia vya namna hiyo ni kamari, ikavikataza. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Saa za kucheza pekee hazitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kinachoangaliwa ni kama ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia mambo mengine yote, na kama anaendelea huku madhara anayaona, kwa kawaida kwa miezi 12.

Kwa anayebeti, kuna kipimo cha nyumbani. Kumbukumbu isikudanganye, maana inahifadhi mikeka iliyobakiza timu moja na kutupa mingine. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu. Jumlisha fedha zilizokwenda kwenye kubeti, toa zilizorudi, na mwonyeshe hiyo namba mtu mmoja unayemwamini kabla ya Jumamosi.