Jina la Kapteni Lililogeuka Kitenzi

Ukikuta maneno "Boycott boycotted" katika sentensi ya Kiingereza, usimlaumu mchapaji. La kwanza ni jina la mtu, ndiyo maana lina herufi kubwa. La pili ni kitenzi, kimevikwa -ed ya wakati uliopita. Yote mawili asili yake ni mtu mmoja.

Kapteni Charles Boycott alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1832. Ukoo wake uliandikwa Boycatt, tahajia ikabadilishwa akiwa bado mtoto. Mwaka 1880 alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja mwenye ardhi, Lord Erne, kando ya ziwa Lough Mask, magharibi mwa Ireland. Wapangaji walitaka kodi ipunguzwe, yeye akaanza kuwatolea hati za kuwafukuza. Basi wakamsusia. Vibarua waliacha viazi vyake vikiozea ardhini, wenye maduka hawakumwuzia kitu, hata wa kumfulia nguo alikosekana. Novemba wakaletwa watu 50 hivi kutoka kaskazini kumvunia, wakilindwa na mamia ya askari, na gharama ya ulinzi huo ikapita kwa mbali thamani ya mavuno yenyewe.

Adhabu ilikuwepo, jina lake halikuwepo. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, James Redpath, alisimulia kwamba neno "ostracise" (kumtenga mtu) lilimkwaza: wakulima wasingelielewa. Padri wa pale, John O'Malley, akamwambia watumie jina la kapteni mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha magazeti ya London yalikuwa yakiliandika, mwanzoni kwa herufi kubwa, kama ishara kwamba mwenye jina bado yupo. Baadaye herufi ikawa ndogo, zikafuata "boycotting" na "boycotter".

Naamini uadimu wa jina hilo ulisaidia. Angeitwa Smith, neno ambalo tayari lina maana ya mhunzi na pia ni jina la maelfu ya watu, nani angejua anasusiwa yupi? Kiingereza nacho hakidai kiambishi chochote ili nomino iwe kitenzi. Unaliweka tu neno mahali pa kitenzi, kazi imekwisha. Kitenzi chetu cha Kibantu kinataka irabu -a mwishoni, kwa hiyo majina ya watu tunayapokea kwa mlango mwingine, ule wa ngeli. Jina la ukoo la Karl Benz tulilipachika wa-, tukapata wabenzi, yaani wakubwa wenye magari ya Mercedes-Benz, na kila mtu akajua wanaozungumziwa ni akina nani.

Hiyo "akina" ndiyo inayowaponza wanafunzi wetu wanapoandika Kiingereza. Sisi husema akina Boycott bila kuligusa jina. Kiingereza hulibandika -s, "the Boycotts", na wengi huongeza alama ya ritifaa isiyohitajika.

Shamba la Lough Mask lilimfanya mtu kuwa yambwa ya kitenzi "boycott". Siku hizi yambwa ni bidhaa, uchaguzi, hata michezo. Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, akabaki nyumbani. Waingereza waliandika "boycotted". Sisi tulikuwa na kususa, neno la mtoto anayesukuma sahani pembeni, tukalichomeka -i- tu: Tanzania ikasusia.