Kilo ngapi? Tazama kwanza mstari

Mama akirudi kutoka kliniki, swali linalomsubiri ni moja: "Mtoto ana kilo ngapi?" Kuanzia Moa hadi Pangani, huku pwani ya Tanga, kilo ndiyo habari ya siku. Jirani naye hutaja za mwanawe, na mwenye kilo chache hubaki na unyonge.

Unyonge huo mara nyingi hauna sababu. Kila mwezi mtoto akishapimwa kwenye mzani, muuguzi hutia nukta kwenye kadi: miezi iko chini, kilo ziko pembeni. Nukta moja haisemi mengi. Zikiunganishwa za miezi mitatu minne, hapo mstari unasema. Mtoto mdogo wa mwili anayepanda kila mwezi sambamba na mistari iliyochapwa hana neno. Mnene aliyesimama palepale miezi miwili mfululizo ndiye wa kuulizwa.

Mistari hiyo iliyochapwa kwenye kadi imetokana na vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wa Muscat na wa Accra, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri, walikua karibu sawa na wa Oslo. Kwa hiyo mstari ukilala, tusikimbilie kusema "ukoo wetu ni wafupi".

Neno linaloumiza zaidi ni lile la kwamba mtoto kabemendwa. Mstari ukianza kulala, mara nyingi baada ya miezi 6, mtaa hunong'ona kuwa mtoto amedhoofishwa na wazazi ambao hawakujizuia kukutana kimwili angali ananyonya, au na baba aliyetoka nje ya ndoa. Mama huona haya, huificha kadi, huacha kliniki wakati uleule anaoihitaji zaidi. Nasema bila kuficha: lawama hii inawadhuru watoto wetu. Miezi 6 ndio umri ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Tazama kikombe anachopewa mtoto: uji mweupe wa muhogo au wa sembe, mwepesi kama maji, mara mbili kwa siku. Ongeza malaria au kuhara, na mama anayeshinda shambani. Uji huo uwe mzito, utiwe dagaa waliosagwa, au tui la nazi, au karanga. Samaki achambuliwe miiba, mtoto ale mara kadhaa kwa siku huku akiendelea kunyonya.

Uzito nao hautoshi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa, na udumavu huonekana kwa kupima urefu. Omba mwanao apimwe urefu pia.

Wengi huiweka kadi kabatini baada ya chanjo ya surua ya miezi 18. Mzazi, baba ukiwemo, endelea kumpeleka mpaka atimize miaka 5, na usiondoke kabla muuguzi hajakuonyesha mstari umeelekea wapi.