Pikapu Ikizeeka, Anza Kuitazama Chini

Kuna kanuni inayorudiwa sana vijiweni na hata maofisini: matengenezo yakigharimu zaidi ya nusu ya bei ya gari, liuze. Ni kanuni ya nchi zenye mafundi ghali na mikopo rahisi. Kampala mambo yako kinyume. Fundi wa Ndeeba au Katwe hulipwa kidogo, spea za mtumba zimejaa soko la Kisekka, na kilicho ghali ni pesa ya kukopa. Ukiitumia kanuni ya nusu bei hapa, utauza pikapu nzima kwa sababu ya ugonjwa wa pampu, kisha utang'ang'ania iliyooza kwa kuwa tu bado inawaka asubuhi.

Kwanza ujue unabadilisha nini kwa nini. Mwenye Hilux ya 1999 anayeleta matoke kutoka Masaka hadi Nakasero akisema anataka kubadilisha gari, ni nadra aje na jipya. Anaacha kuukuu analolijua, anachukua kuukuu asilolijua. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya mpaka ni miaka 8. Sheria hiyo ya Uganda haikugusa magari yaliyokuwa tayari nchini, ila ilibadilisha aina ya pikapu zinazoshuka Mombasa na kuvuka Malaba. Zile za zamani zenye pampu ya kawaida zimepungua, na nyingi zinazoingia sasa zina dizeli inayoongozwa na kompyuta. Bei nayo hupanda njiani: kuna ushuru wa forodha, kodi ya zuio ya asilimia 6, na VAT ya asilimia 18 ambayo hupigwa baada ya ushuru kuongezwa kwenye thamani ya gari. Yaani unalipa kodi juu ya kodi.

Tuchukulie mfano. Injini yako inataka kufunguliwa kwa shilingi milioni 6. Ukiuza pikapu kama ilivyo utapata milioni 15, na unayoitamani inauzwa milioni 42. Pengo ni milioni 27. Riba ya mikopo ya shilingi katika benki za Uganda imekuwa ikizunguka asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza riba peke yake itakula zaidi ya milioni 4, hata kama unapunguza deni kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, kufungua injini kumeshinda.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Haijagusa siku ambazo gari limelala gereji huku mzigo ukinyauka na wateja wa soko la Kalerwe wakihamia kwa mwingine. Ndiyo maana mwenye pikapu ya biashara anahitaji daftari la safu mbili tu: pesa iliyotoka na siku zilizopotea. Pikapu inayokula milioni 6 mara moja ikatulia miaka mitatu ni mali. Inayokula laki tatu kila wiki mbili, kila mara ikikwama barabarani, ni hasara, hata kama hakuna risiti moja iliyokushtua.

Katika daftari hilo usiandike uzee wa gari mahali ambapo mkosaji ni barabara. Aprili 2023, mhadhiri na mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipowaalika wakazi wa Kampala waonyeshe mashimo ya barabara mitandaoni, picha zilifurika. Mashimo hayo ndiyo yanayomaliza bushi, shokamzoba na bolijointi, na yatamaliza za gari jingine lolote utakalonunua. Gharama hizo utazilipa ukibaki na hili, utazilipa ukihamia kwa lile. Ziondoe kwenye ulinganisho. Breki na usukani navyo viondoe, kwa sababu nyingine: hivyo hutengenezwa leo, kabla gari halijatoka uani, liwe la kuuzwa au la kubaki.

Sasa lala chini ya gari.

Hilux, Isuzu TFR, Nissan Hardbody na Mitsubishi L200 zote zimejengwa kwa namna moja: kabini na bodi zimekazwa kwa bolti juu ya chesesi ya chuma yenye mihimili miwili mirefu. Injini inashuka, gia boksi inashuka, difu inatoka, hata kabini yenyewe mafundi wanne huinyanyua kwa mnyororo. Kila kitu kinafunguka isipokuwa chesesi, maana ndiyo inayobeba vingine vyote. Kwa hiyo mimi huwa siulizi injini ina hali gani mpaka nimeichunguza chesesi.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga mihimili juu ya ekseli ya nyuma, kwenye mabano yanayoshika springi, nyuma ya kabini, na pale boksi la usukani linapokazwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi huzama. Kutu mbaya huanzia ndani, matope yanapokaa bila kukauka, kwa hiyo rangi nyeusi inayong'aa kwa nje isikupumbaze. Kwa kweli rangi mbichi chini ya pikapu ya miaka ishirini inatosha kunitia shaka.

Hapa Kampala ina bahati ambayo wengi hawaihesabu. Jiji liko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mbali na upepo wa chumvi, na hakuna anayemwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji kama wanavyofanya kaskazini mwa Japani. Pikapu iliyokulia Uganda inaweza kuwa na chesesi nzima kuliko iliyoteremka melini mwezi uliopita. Iliyobeba samaki wa chumvi au mchanga mbichi miaka kumi, hiyo ni habari nyingine.

Tusidhani kuoza kwa chesesi ni shida ya maskini. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani maridhiano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa ajili ya magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia ambayo chesesi zake zililalamikiwa kuoza. Makadirio ya kubadilisha chesesi moja yalikuwa dola 15,000 hivi. Wengi Kampala wangenunua pikapu kwa pesa hiyo na kubaki na chenji.

Fundi hodari wa Katwe anaweza kuunga ufa mdogo, na afanye hivyo kwa bamba lenye ncha zilizochongoka, asilichome kwa mstari ulionyooka kukatiza mhimili, kwani chuma hupasuka tena kando ya mshono huo. Ufa mmoja unatengenezeka. Mhimili uliotoboka sehemu tatu nne unauzwa. Kuipandisha kabini juu ya chesesi ya gari jingine kunawezekana kiufundi, lakini namba ya chesesi ndiyo kitambulisho cha gari, na utajikuta unawaeleza polisi jambo ambalo karatasi zako hazilielezi.

Chesesi ikiwa nzima, rudi kwenye injini. Za Toyota za zamani kama 3L na 5L zina pampu isiyotegemea kompyuta. Nozeli zake hupimwa na kurekebishwa na fundi wa pampu, na injini nzima hufunguliwa kwa spea zinazopatikana. Moshi wa buluu unasema oili inaungua, mweusi unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa, na mweupe usioisha injini ikishapata moto unakuambia uchunguze silinda hedi. Hedi za dizeli hizi hupasuka zikichemka, na zikichemka mara nyingi kosa ni rediata ya bei ndogo iliyoachwa izibe.

Injini ya D-4D ya lita 3.0, yaani 1KD, ni kiumbe kingine. Washa za shaba chini ya nozeli zikianza kuvuja, masizi huingia kwenye oili, huganda, na kuziba chujio linalonyonya oili chini ya injini. Injini hufa kwa kiu ilhali oili ipo. Nozeli zenyewe hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na dizeli yenye maji huziua upesi. Mtu anayeacha 5L inayotoa moshi kidogo ili anunue 1KD isiyo na historia anaweza kuwa ameongeza gharama zake huku akidhani amezipunguza.

Chesesi ikishindikana, uza mapema, tena injini ikiwa hai, mnunuzi aisikie ikiwaka baridi. Pikapu ya namna hiyo mara nyingi huleta pesa zaidi ikifunguliwa: injini na gia boksi kwa wa Kisekka, milango na taa kwa wengine, mihimili kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Namba za usajili zirudishe kwa mamlaka na upewe karatasi ya kulifuta gari, zisije zikaonekana siku moja kwenye pikapu usiyoijua.